Kisima cha Babu Kando ya Josho

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu baadhi ya waliosema bado wako hai, na nataka walisome. Bi Riziki, jirani yetu, alisema mbele ya watu kwamba nikivuka bahari kwenda kusoma nitarudi na viatu tu, na hata hivyo viatu vya mwenzangu. Baba yangu mdogo alisema mtoto aliyekulia kwenye muhogo hawezi kukaa darasa moja na watoto wa mjini, wakamzungumzia habari za kemia, asitoke mbio. Mwalimu mmoja wa skuli alisema maabara inataka mtu mtulivu, na mimi hata kwenye foleni ya uji nilikuwa situlii. Nikaenda. Mchana nilibeba mifuko ya saruji Tanga, jioni nikasoma, na nilivaa shati moja mpaka rangi yake ikawa haina jina. Nikarudi kijijini kwetu Wingwi na stashahada ya upimaji wa maji. Iko sebuleni kwangu, ndani ya fremu yenye kioo, nimeitundika pale ambapo mgeni akikaa lazima aione. Mgeni asiyeitaja, namuuliza mwenyewe kama ameiona. Sioni haya. Sikuinuliwa na mjomba wala na waziri.

Ila stashahada ile haikuanzia Tanga. Nimelikumbuka hilo majuzi katika soko la Konde, ambako mke wangu alinituma kununua dodoki la kuogea. Kijana muuzaji aliniona nasitasita, akachukua dodoki moja kavu akanipitishia mgongoni juu ya shati. "Sikia lilivyo, mzee. La mwaka huu hili." Nikasimama palepale, kati ya mafungu ya dagaa na vikapu vya ndimu, nikaanza kucheka huku machozi yananitoka.

"Lo! Mzee, dodoki linakuliza?"

"Si dodoki," nikamwambia. "Ni bibi yangu."

Akanitazama kama mtu anayefikiria kupunguza bei.

Bibi yangu aliitwa Bi Time, mama wa baba yangu, na viganja vyake vilikuwa na chembechembe ngumu, kila chembe kama punje ya mtama iliyoota ndani ya ngozi. Jioni, baada ya sala ya magharibi, nililala kifudifudi juu ya mkeka, shati nimelipandisha mpaka shingoni, naye akanikuna. Hakutumia kucha. Alipitisha kiganja tu, polepole, kutoka mabegani kushuka chini, na mimi nikajinyoosha kama paka aliyeiba samaki na hajagunduliwa. Nimezunguka tangu wakati ule, nimelala mpaka kwenye hoteli yenye kiyoyozi, lakini mkuno kama ule sijaupata tena. Binamu yangu Saada, tuliyelelewa naye nyumba moja, alilala pembeni akisubiri zamu yake na kulalamika kwamba mgongo wangu una mwendo mrefu kuliko wake, kwa hiyo anadhulumiwa.

Mimi niliamini chembe zile ni cheo. Niliona askari wana alama zao begani, nikadhani mkulima aliyefanya kazi sana hupewa alama zake viganjani. Baba alikuwa nazo chache. Bibi alikuwa nazo mpaka kwenye nyayo. Hesabu yangu ikawa nyepesi: Bibi ndiye mkubwa wa jeshi. Kila asubuhi nilipoamka nilivitazama viganja vyangu kuona kama na mimi nimepandishwa.

Babu alikuwa amefariki kabla sijazaliwa, na mimi nikapewa jina lake. Kwa sababu hiyo Bibi hakuniita mjukuu. Aliniita mume wangu. "Mume wangu, umeoga?" "Mume wangu, toka juu ya huo mkungu wa ndizi!" Wageni walicheka, mimi nikajiona mtu mzima mwenye nyumba. Babu hakuacha karafuu nyingi wala ng'ombe. Aliacha kisima. Alikichimba mwenyewe, bondeni nyuma ya nyumba zetu, na kabla hajafa alikitoa kiwe sadaka kwa yeyote apitaye. Nyumba zetu tatu za ukoo mmoja zilikunywa humo mwaka mzima. Majirani walikuwa na visima vyao huko juu, vyenye maji ya chumvichumvi yenye rangi ya chai hafifu. Wao walikuja kwetu kiangazi tu, vyao vilipokauka. Cha kwetu hakikukauka hata mara moja. Maji yake yalikuwa baridi na maangavu, ungeweza kuliona jiwe la chini kabisa. Nyinyi rika langu mnaikumbuka kata ya kifuu, jinsi maji yanavyoshika harufu ya nazi na ya moshi wa jikoni. Ukichanganya harufu hiyo na ubaridi wa maji ya Babu, basi soda za siku hizi zinafaa kuoshea miguu.

Chuoni, tulikosoma Kurani, Maalim wetu alitufundisha kwamba mtu akifa akaacha kisima, kila anayekunywa humpelekea thawabu kaburini. Wenzangu walilisikia somo lile wakaendelea kusukumana. Mimi nilibaki nalo. Nikaona kabisa mfereji unaotoka tumboni mwangu, unapita chini ya migomba, mpaka makaburini kwa Babu, naye amekaa huko na kikombe chake anasubiri. Na kwa kuwa tulikuwa na jina moja, nikajua mfereji wangu ndio mpana kuliko wa watu wengine. Tangu siku hiyo nikawa nakunywa kama niliyeajiriwa. Nilikunywa nikiwa na kiu na nikiwa sina. Nilikunywa mpaka tumbo likalia chubwi, chubwi nilipokimbia. Saada hakukubali kuachwa nyuma, naye akashika kata.

"Hii ya Babu!" nikasema, nikaimaliza.

"Na hii ya Babu!" naye akaimaliza, maji yakamtoka puani.

"Yako hayafiki. Wewe huna jina lake."

Saada akaenda kwa Bibi analia. "Bibi, eti yangu hayafiki?"

"Yanafika yote, mwanangu," Bibi akasema bila kuacha kupepeta mchele. "Ila ya mume wangu yanafika na makelele."

Kando ya kisima kulikuwa na josho. Wa zama zetu mnajua, lakini vijana sasa hawajui: ni mfereji wa saruji uliozama ardhini, ambamo zamani, enzi za Mwingereza, ng'ombe walipitishwa ndani ya maji yenye dawa ili kupe wafe. Wakitoka upande wa pili walisimama kwenye uwanja wa mawe mpaka wajikaushe, dawa ikichuruzika kurudi chini. Sisi tulilikuta josho limekauka siku nyingi, limejaa majani makavu na mijusi. Lilikuwa uwanja wetu wa michezo. Mmoja alikuwa mchungaji, waliobaki ng'ombe, tukapita mule kwa magoti tukilia mbuu. Ng'ombe aliyetoka bila kucheka alishinda. Sikuwahi kushinda. Babu alichagua kuchimba karibu na pale kwa akili nzuri tu: watu wa josho walihitaji maji, kwa hiyo maji yalikuwa karibu, na udongo ulikuwa umeshafunguliwa na kwato.

Watu wa nyumba zetu tatu walikuwa pia na madoa. Kifuani na mgongoni ngozi ilikuwa na vitone, vyeusi na vyeupe, kama njia ya vumbi iliyodondokewa na mvua kidogo halafu mvua ikaghairi. Skuli walituita watoto wa chui. Mimi nililipenda jina hilo. Nilinguruma nikiitwa, na kuna mtoto mmoja wa darasa la kwanza alikuwa ananipa nusu ya andazi lake ili nisimngurumie. Wakubwa walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema kisima kina mwenyewe asiyeonekana. Bi Riziki alisema ni damu yetu, kwamba ukoo wetu una damu nzito. Bibi alisema ni jua. Hakuna aliyeshuku maji, maana maji yenyewe yalikuwa mazuri, na ya mtungini Bibi alikuwa anayachemsha kama redio ilivyoamuru.

Asubuhi moja nikaiona. Chini ya kidole cha kati, chembe moja ngumu, ndogo kama kichwa cha pini. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Nimepandishwa cheo! Nilikimbia nyumba hadi nyumba na mkono umenyooka mbele yangu, kila mtu aguse. Bi Riziki aliigusa, akakunja uso.

"Ebo! Mtoto mdogo na sugu kama mpasua mbao! Kazi gani unafanya weye, mbali na kula?"

"Kazi ya Babu," nikamjibu, nikaenda zangu.

Bibi aliushika mkono wangu kwa muda mrefu, akauweka juu ya wake, chembe yangu moja juu ya chembe zake zote. Nilidhani ananipongeza.

Wakati huo kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa na kidonda. Kilianza kwenye mojawapo ya zile chembe, na hakikupona. Alikitia mafuta ya habasoda, akakifunga majani, akakisomea, na kidonda kikabaki vilevile, kisha kikaanza kupanuka. Baba akamlazimisha kwenda hospitali ya Wete, na mimi, kama mume, nikafuatana nao. Daktari alikuwa dada mmoja kijana mwenye sauti ya chini. Alikitazama kidole kidogo tu. Alichokitazama sana ni viganja, halafu nyayo, halafu akaomba kuona mgongo. Mwisho akanigeukia mimi. Nikamnyooshea mkono kwa majivuno, na kwa kidole cha mkono wa pili nikamwonyesha chembe ilipo asije akaikosa. Hakucheka.

"Mama, mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya mume wangu," Bibi akasema.

Daktari akanitazama mimi, akamtazama Baba. Baba akafafanua habari ya kisima, na daktari akawa anaandika huku anauliza: kiko karibu na nini, nani wengine wanakunywa, wangapi wana madoa. Akasema kidole itabidi kikatwe kabla hakijaambukiza mkono ubaya wake, lakini kwanza atamtuma mtu aje kuyatazama maji.

Mtu huyo akaja kwa pikipiki, bwana afya mwembamba mwenye kofia, na sanduku amelifunga nyuma kwa mpira. Alipolifungua mimi nilikuwa nimeshaweka kichwa ndani. Chupa zimepangwa kila moja kwenye kitundu chake, safi, na vifuniko vya buluu. Sikuwa nimewahi kuona kitu kilichopangwa vizuri namna ile.

"Unayapeleka wapi maji ya babu yangu?"

"Unguja. Yakapimwe."

"Huko atayanywa nani?"

"Hakuna wa kuyanywa. Yanatiwa dawa, yanatazamwa."

Niliona hasara tupu. Maji yasiyonywewa hayamfikii mtu. Lakini zile chupa zilikuwa zimenishika. Nikaomba nimtekee. Akaniruhusu, akanifundisha kuisuuza chupa kwa maji yaleyale kwanza, kuijaza mpaka juu, kukikaza kifuniko bila kukigusa ndani. Akasema, "Mkono wako mzuri, mtulivu." Sisahau. Huyo ndiye mtu wa kwanza duniani kuniita mtulivu, na sasa mnajua nilikuwa nawajibu kwa neno la nani nilipokuwa nabeba saruji.

Majibu yaliporudi, bwana afya alikaa barazani kwetu na hakugusa kahawa aliyopewa. Baba alikuwepo, mimi na Saada tulikuwa mlangoni, na Bi Riziki alikuwa amesimama kwenye uzio wake, anajifanya anaanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

"Bi Time," akasema, "maji haya yana sumu inayoitwa aseniki. Haina rangi, haina harufu, haina ladha."

"Kama haina rangi wala harufu, weye umeionaje?"

"Mashine imeiona."

"Mashine yenu haijanywa maji haya. Mie nayanywa tangu nimeolewa."

"Ndiyo maana mikono yako iko hivyo, mama. Na madoa ni hayohayo. Na kidonda."

Bibi akaifunika mikono yake kwa kanga. "Basi n'tayachemsha zaidi."

"Ukichemsha, maji yanapungua, sumu inabaki palepale. Unakuwa umeikoleza." Kisha akaeleza habari ya josho: dawa ya kupe ya zamani ilikuwa na sumu hiyo, ilichuruzika miaka na miaka pale uwanjani, ikaingia ardhini, ikatulia. Babu alichimba katikati yake bila kujua, na hakuna ambaye angejua.

Bi Riziki akashindwa kuendelea na nguo. "Kwa hiyo ng'ombe wa Mwingereza ndo waliomroga Bi Time!"

"Riziki, anika nguo zako," Bibi akamwambia. Halafu akamgeukia bwana afya, sauti imeshuka. "Sikiza, mwanangu. Kisima hiki si changu. Ni sadaka ya marehemu. Watu wakinywa, yeye huko anapata. Nikikifunga leo, nimemkatia leo. Mie n'takwenda kumwambia nini tukikutana?"

Bwana afya akakisogeza kando kikombe cha kahawa. Akasema tu kwamba akiendelea kunywa, baada ya kidole kitafuata kingine, na huenda kikafuata kibaya zaidi, ndani, kwenye mapafu au kibofu. Na kwamba watoto bado wadogo, wakiacha sasa miili yao inaweza kujisafisha. Akanipa mkono kama mkubwa mwenzake, akaondoka.

Baba alitaka kukifunika kisima jioni ileile. Bibi akasema atakayekigusa asimwite mama tena. Sisi watoto tukaambiwa tunywe maji ya kwa Bi Riziki, lakini yeye akaendelea kuteka bondeni, peke yake, kwa mkono uliofungwa kitambaa. "Mie mzee," akasema. "Mtu mmoja akinywa, angalau mfereji haukauki." Alitamka neno hilohilo, mfereji, nikajua kwamba na yeye anauona kama mimi.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Sikujiogopea mimi. Nilikumbuka kata zote nilizokunywa, na zile nilizokunywa bila kiu, kwa mashindano. Kama mazuri yalifika, basi na sumu ilifika, na iliyopita tumboni mwangu ilikuwa nyingi kuliko ya mtu yeyote, tena kwa mfereji ulio mpana. Nikamwona Babu amekaa na kikombe chake, viganja vimejaa chembe, kidole kinamuuma. Nikaacha kunywa. Si maji ya bondeni peke yake, nikaacha yote, maana sikujua kama mfereji unabagua. Nilimumunya ndimu. Nililamba umande kwenye majani ya mgomba, nikijiambia umande haujachimbwa na mtu. Siku ya pili midomo ilinipasuka, nikaanguka skuli kwenye mstari wa asubuhi, na walionibeba kunirudisha walikuwa wanacheka kwamba chui kaishiwa nguvu.

Bibi alinikalisha jikoni, akachota kata ya maji ya Bi Riziki.

"Mume wangu, kunywa."

"Sitaki."

"Kwa nini? Yana chumvi, najua. Kunywa hivyohivyo."

"Babu ataumwa."

"Babu yako kafa, mwanangu. Ataumwa vipi tena?"

"Si tunampelekea? Tumempelekea sumu yote ile. Mimi ndiye niliyekunywa nyingi. Na wewe bado unampelekea. Na huko alipo hakuna hospitali."

Bibi aliangua kicheko. Alicheka mpaka kata ikamwaga maji kwenye kanga yake. Kisha kicheko kikamwishia katikati, akabaki ameshika kata, mdomo uko wazi kidogo. Nyuma yake chungu kilikuwa kinatokota, akakiacha kimwagike.

"Kumbe," akasema, si kwangu. "Kumbe mie namhesabia yanayofika mazuri tu."

Akanyanyuka. Akashuka bondeni kwa hatua za mtu aliyeitwa, mimi nikamfuata nikipepesuka. Alikwenda kwenye kisima, akaifungua kamba ya ndoo kwenye mti, akaikunja begani mzingo kwa mzingo. Akasimama kidogo akaangalia chini, mahali jiwe linapoonekana. "Nisamehe, bwana," akasema. "Hatukujua." Halafu akapaza sauti mpaka Bi Riziki akatoka nje: "Hamadi! Lete mbao na misumari!" Hamadi ni baba yangu. Alikuja mbio na nyundo, nadhani alikuwa ameificha karibu. Ubao wa mwisho ulipopigiliwa, Bibi alinikamata kidevu na kuninywesha kata nzima mbele ya wote, nami nikanywa, na Mungu anisamehe, maji ya chumvi ya Bi Riziki yalikuwa matamu.

Kuhusu sadaka, Bibi hakumuuliza Maalim, alimjulisha. Alimwambia kwamba marehemu atachimbiwa kisima kingine kwa nia ileile, huko juu mbali na josho, na kama kuna kitabu kinachosema haifai, akifunge kitabu hicho. Maalim alisema hakijui kitabu hicho. Kisha Bibi akaenda Wete kukatwa kidole. Alirudi akiwa amekaa mbele karibu na dereva, kama bi harusi, mkono umefungwa bandeji nyeupe. Waliokuja kumpa pole aliwachekesha wote. "Kimoja kimetangulia," alisema. "Kimekwenda kumwambia mume wangu nakuja, ila asiniwekee chakula mapema."

Basi kikaanza kiangazi cha kukopa. Nasema kukopa kwa sababu Bibi alikataa neno kuomba. Ilikuwa kiangazi kikali, visima vya huko juu vimeshuka mpaka ndoo inagonga tope, na watu waliozoea kushuka kwetu wakati kama huo walikuta mbao na misumari. Walikuwa na haki ya kununa. Badala yake walitupa. Kila asubuhi mimi na Saada tulizunguka na ndoo, ngata kichwani, tukipiga hodi na kusema kama tulivyofundishwa: "Bibi anasalimia, anakopa ndoo moja ya maji, atalipa."

"Atalipa!" Bi Riziki alipiga makofi. "Kefule! Mwenye kisima anakopa maji, tena anatoa ahadi! Mwambie bibi yako maji hayalipwi."

"Kasema ukikataa ahadi, nirudi na ndoo tupu."

"Haya, nakubali, nakubali! Mtoto ana ulimi huyu. Shika. Na usiimwage njiani ukanisingizia ilikuwa nusu."

Alinijazia mpaka ukingoni, yeye ambaye kisima chake kilikuwa kimebaki na tope. Lazima niliseme na hilo, kwa kuwa nimeshasema mengine juu yake.

Wanaume walichimba kisima kipya kwa kusaidiana. Bwana afya ndiye aliyeonyesha mahali, na mimi nilishika upande mmoja wa kamba alipopima umbali kutoka josho. Kazi ilikuwa na nyimbo na matusi ya utani. Mawe yalikuwa magumu na mara mbili walikata tamaa. Siku maji yalipotokea, Baba alitoka shimoni mweupe kuanzia nywele hadi kucha, kama mtu aliyetumbukia ndani ya tui. Tulitaka kunywa palepale. Bibi akasimama mbele ya shimo na mkono wake wenye bandeji: hanywi mtu. Yakapelekwa kwanza. Nilizijaza mimi zile chupa. Nikalala na wasiwasi kila usiku mpaka pikipiki iliposikika tena, na bwana afya, kabla hajashuka, akavua kofia akaipunga hewani.

Siku iliyofuata Bibi alivaa kanga mpya. Akatupanga mimi na Saada mbele yake, kila mmoja na ndoo iliyojaa, akatutoa kwenda kulipa. Tulianza nyumba ya karibu. Kila tulipofika Bibi alisema, "Nimeleta maji yako," na mwenye nyumba akacheka, akakataa, akakubali, akanywa, kisha akamtaja Babu kwa jina lake, ambalo ni langu, akamwombea rehema. Mimi niliitikia amina kwa kila mlango, kama mwenye shughuli. Tukarudi kisimani, tukajaza, tukatoka tena, mpaka shingo ikawa inaniuma na sikutaka iache. Chuo nacho tukakilipa, maana Maalim alitukopesha maji ya kutawadhia.

Bi Riziki tulimwacha wa mwisho, kwa sababu tulikopa kwake zaidi. Alikuwa ameketi kizingitini, mikono ameikunja.

"Sipokei. Nilishasema maji hayalipwi."

Bibi akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na kanga yake mpya. "Basi nami siondoki. Utanipikia na chakula cha jioni."

"Bi Time, inuka, watu watasema n'nini?"

"Watasema Riziki anamzuia mtu asilipe."

Wakatazamana. Bi Riziki akainuka, akanitua ndoo, akachota kwa kiganja, akanywa, akatulia. Akachota tena. Akalitaja jina la Babu taratibu, akamwombea kirefu kuliko wote. Halafu akainyanyua ile ndoo kwa mikono miwili na kunimwagia yote kichwani.

Baridi ilinikata pumzi. Tangu kiangazi kianze hakuna mtu kijijini aliyekuwa amemwaga maji kwa kupenda. Saada akapiga kelele na yeye amwagiwe. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta kwa vidole vyake tisa.

"Riziki, unanidai?"

"Sikudai hata tone."

"Basi hatudaiwi na mtu," Bibi akasema, na mimi, maji yananichuruzika mpaka vidoleni, nikaiokota ndoo nikakimbia kisimani kumletea Bi Riziki nyingine, ya kunywa.